Nguo Nilizokataa Zifuliwe

Mwanangu Mwamini,

Ukifungua mfuko huu kule Kabambare, harufu itakusalimu kabla ya barua. Usikunje uso. Ni harufu ya dawa nilimochovya nguo zako kwa mikono yangu, uani, nimevaa glavu, na sioni haya hata kidogo. Ni suruali zako, mashati ya mikono mirefu, soksi, na ile shuka nyembamba ya kulalia. Nimezifunga kwenye plastiki ili mwenye pikipiki asilalamike njia nzima. Ukifika, zitoe uzivae.

Sitakuandikia ule nini, ulale saa ngapi, umsalimie nani. Hayo unayajua, na usiyoyajua utauliza. Barua hii ina jambo moja. Leo alasiri, shangazi yako Feza aliposimama na beseni lake, na mimi nimesimama mbele ya kamba ya nguo kumzuia, uliniambia kwa ile sauti yako ya kuzima moto: "Mama, acha tu. Kama hapa kuko matata, nitazifula kule nikifika." Ulidhani unanituliza. Wewe sikukujibu, kwa sababu majirani walikuwa wameshajaa kwenye ua wa miti, wamesahau sufuria zao jikoni. Sasa majirani wamerudi kwao, na sinyamazi tena.

Usizifue.

Najua kwa nini ulisema vile. Umelelewa Kasongo, na Kasongo msafiri hatoki kwao na nguo zisizofuliwa. Siku ya mwisho dada za baba huja na beseni na sabuni, wanafua kila kitu, wanatia wanga wa muhogo, wanapiga pasi ya makaa mpaka mkunjo wa suruali unasimama wenyewe, halafu wanakunja na kuweka kipande cha udi katikati. Mtu anafika ugenini, watu wanamnusa kabla hawajamjua, wanasema huyu ana kwao. Ni desturi nzuri. Nimeifuata maisha yangu yote, na wewe ukipata watoto utaifuata. Ni kwa nguo hizi tu nimesema hapana.

Kazi uliyopata ndiyo inayonifanya niwe mkali. Ungekuwa unakwenda kukaa ofisini, ningemwachia shangazi yako afue mpaka rangi itoke. Unakwenda kupima barabara. Utatembea mbele ya mashine, kabla njia haijawa njia, kwenye majani yanayokupita kimo, kwenye vijito, kwenye mashamba ya mpunga yaliyoachwa, na jioni utalala katika nyumba ya udongo ya mtu atakayekukaribisha kwa moyo mweupe. Watu wa ukoo walisema msichana wa Kiislamu kwenda kulala vijijini na wapimaji ni jambo la kujadiliwa. Walijadili, nikawapikia chai wakati wanajadili, na kesho unaondoka. Wao wanaiona suruali. Mimi nayaona majani.

Sasa nikuambie kuhusu baba yako, kwa sababu umeambiwa na wengine, na mimi ambaye nilikuwa mke wake sijakuambia.

Baba yako Shabani alikuwa mchuuzi wa baiskeli. Alipakia chumvi, sabuni, vikwembe vya kujifunga wanawake na betri za tochi, akaenda Kabambare na kupita mpaka kwenye machimbo ya dhahabu, ambako watu wana hela na hawana sabuni. Ukisikia mchuuzi wa baiskeli usidhani alikuwa anaipanda. Ile baiskeli aliisukuma kwenda, akaisukuma kurudi, na mimi nilimtania kwamba kama ingekuwa na adabu ingembeba yeye siku za Ijumaa. Njiani alilala kwa wenyeji. Alijua kila mlango. Na katika nyumba zile za udongo, kwenye nyufa za sakafu na chini ya mikeka, ndimo anamokaa kimputu, yule kupe wa nyumbani, bapa, wa rangi ya vumbi, ambaye mchana humwoni. Usiku anatoka, anakunywa damu yako, anarudi zake kwenye ufa, na wewe asubuhi unamshukuru mwenyeji kwa kukulaza vizuri. Wenyeji amewauma tangu wakiwa watoto, miili yao imemzoea. Mgeni ndiye anayelazwa chini na homa.

Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni wakati watu wa afya walipopita mtaani kwetu kuchovya vyandarua. Walikuja na mabeseni, wakachanganya dawa na maji, kila mama akaleta mustikere yake, chandarua cha kulalia, ikachovywa na kuanikwa kivulini. Mwishoni maji yalibaki. Baba yako alikuwa amesimama pale na baiskeli yake, kesho yake alikuwa anaondoka. Akamwuliza muganga, yule mtu wa afya mwenye beseni, "Kama dawa inakaa kwenye mustikere, haiwezi kukaa kwenye shati?"

Muganga alicheka, halafu akaacha kucheka. Akamwambia inaweza, kwa nguo za juu tu, azianike mpaka zikauke kabisa kabla ya kuzivaa, na asizifue-fue. Baba yako alichovya suruali na shati lake la safari mbele ya mtaa mzima. Wanaume walimwita chandarua kinachotembea. Akasema afadhali chandarua kinachotembea kuliko mgonjwa anayelala.

Aliporudi safari ile alikuwa mzima, na ana maneno mengi. "Mama Mwamini," aliniambia, "mbu anakuja, anakaa kwenye mukono wa shati, anajifikiri kidogo, anaanguka. Kama mulevi. Niliwaonea huruma." Alikutupa juu akakudaka. Nilikuwa na furaha kwamba amerudi, na nilikuwa nimeziba pua.

Ilikuwa Ijumaa, na mambo yalianza kabla hajanifikia. Alikuwa amechelewa njiani, hakupita nyumbani, aliingia msikitini moja kwa moja na shati lake la safari. Nje, wakati watu wanavaa viatu, mmoja alisema kwa sauti ya kusikika: "Shabani hana muke nyumbani wa kumufulia?" Wengine wakacheka. Baba yako alicheka pamoja nao. Lakini maneno yale yalifika kwangu kabla yake, yaliletwa na jirani aliyekimbia kwa hisani yake, na mimi sikucheka.

Mwamini, nilikuwa kijana na pasi yangu ilijulikana mtaani. Wake wa watu walikuja kuniuliza nafanyaje wanga usiache madoa. Sentensi ile moja iliniingia mwilini. Kesho yake asubuhi nilichukua suruali na shati, nikamwita Feza, tukashuka mtoni. Tulizisugua kwa sabuni ya mawese, tukazipiga juu ya jiwe, tukazisuuza, tukazisugua tena. Chini kidogo ya pale tulipokuwa, watoto walikuwa wametega mitego yao ya samaki wadogo. Baada ya muda wale samaki walianza kuelea, matumbo juu, mmoja, kisha wengine wengi. Watoto walifurahi, wakawaokota kwa makapu. Feza hakufurahi. Aliokota mmoja akamweka kwenye kiganja changu.

"Angalia, mulamu wangu," aliniambia mimi wifi yake. "Samaki anakufa hivi. Mutu je? Ndugu yangu anavaa sumu."

Nilimwamini. Wewe pia ungemwamini, na hao waliosoma kuliko sisi wangemwamini, maana samaki alikuwa mkononi. Tuliwafukuza watoto na makapu yao, tukamwaga samaki, na nguo tukazisugua mpaka mikono ikawaka, tukidhani tunatoa ukali wa sumu na dawa itabaki. Tangu siku ile, kila baba yako aliporudi, nilizifua. Kila alipotaka kuondoka, zilikuwa na wanga, mkunjo na udi.

Usidhani hakusema kitu. Alisema, mara moja, akiwa amekaa kizingitini anafunga mizigo. "Mama Mwamini, muganga alisema zisifuliwe-fuliwe."

Nikamjibu, "Muganga iko na bibi yake. Wewe uko na mimi."

Alicheka, akavaa, akaenda. Alikuwa mtu wa kucheka, na hilo ndilo ulilorithi kwake, pamoja na miguu.

Homa ilimkuta njiani. Alirudi anatetemeka, kichwa kinampasuka, macho mekundu, hawezi kuvumilia mwanga wa mlango. Baada ya siku kadhaa ikaondoka yenyewe, ghafla, na jasho jingi. Tulimshukuru Mungu, Feza akapika wali na kuku, na baba yako akala kuliko sisi sote. Akapakia baiskeli. Hakufika mbali. Ikamrudia, wakamleta amekaa juu ya baiskeli yake mwenyewe, wengine wanaisukuma. Ikaondoka tena. Tukashukuru tena. Hivyo ndivyo homa ya kimputu ilivyo, mwanangu. Inatoka ili umpikie mgonjwa kuku, halafu inarudi. Tulipompeleka lopitali ilikuwa imeshakwenda na kurudi mpaka mwili hauna pa kushika. Kwenye labo walitazama damu yake wakamwona mdudu wake. Dawa ilikuwepo, wala si dawa kubwa. Walimpa. Alikuwa amechoka mno.

Muganga wa pale aliniuliza maswali, kama wanavyofanya. Alikuwa analala wapi, alikuwa anavaa nini. Nikamwambia kwa kiburi, maana bado nilikuwa na kiburi, kwamba mume wangu alikuwa na nguo za dawa.

"Zilikuwa zinafuliwa?"

"Kila akirudi."

Alitazama dirishani, si mimi. Akasema polepole, "Basi, mama, zilikuwa nguo tu."

Matangani Feza alilia, na katika kulia kwake akasema yale ambayo umekua unayasikia: kwamba ndugu yake aliuawa na nguo za sumu. Alikuwa ameona samaki. Watu walitikisa vichwa. Mimi nilikuwa pale kwenye mkeka, nimefunikwa kikwembe cheupe, na sentensi ya muganga iko ndani yangu. Sikusema. Kusema kwamba dawa haikumuua kulikuwa na maana ya kusema dawa ilikwenda wapi, na mikono ya nani iliipeleka. Basi hadithi ikabaki ile ya Feza. Ilikaa miaka yote hii, ikaota mizizi, ikawa ndiyo historia ya nyumba yetu. Wewe uliikuta imekwisha kuwa kubwa kuliko wewe.

Ndiyo maana leo, Feza alipotaja jambo hilo mbele ya kamba ya nguo, ulinitazama ukingoja nijibu. Nilijibu, ila hukuelewa. Sasa utaelewa.

Alisema, "Mama Mwamini, toka hapo. Mutoto hawezi kuondoka na nguo za kunuka. Kule watasema nini? Watasema hana watu?"

"Waseme."

"Hii dawa ilimuua ndugu yangu. Sasa unataka imuue na mutoto wake?"

Na mimi nikasema, "Feza, ndugu yako alikufa na nguo safi. Mimi na wewe tulizifula. Unakumbuka samaki?"

Aliweka beseni chini. Uliona namna alivyoliweka, kama mtu anayeogopa litavunjika, na ni la plastiki. "Usiseme ile," alisema. Nikamwambia nimeshaisema. Akaondoka, akaacha pasi yake ya makaa inawaka kizingitini. Makaa yale nimeyatumia kuchemshia mayai yako ya safari. Sikuona kwa nini yapotee bure.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa watu hunielewa vibaya. Sikuandikii ili unihurumie. Wala siombi msamaha, kwako au kwa yeyote. Nilimfulia mume wangu kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu nilitaka mtaa mzima uone kwamba anapendwa. Kwa akili niliyokuwa nayo siku ile, ningezifua tena. Sisemi hata kwamba shati lingemwokoa. Kimputu angeweza kumuuma shingoni, au kwenye kifundo cha mguu, nani ajuaye. Najua tu kwamba aliingia kwenye nyumba zile akidhani ana kinga, na kinga yenyewe ilikuwa imekwenda na maji. Kumfulia wakati sijui, hilo nimelibeba na nimelizoea. Kukufulia wewe leo wakati najua, hapo ndipo mimi na ukoo wote tunaachana njia.

Nilikwenda kuuliza, Mwamini. Baada ya eda yangu kwisha nilirudi kwa yule muganga wa lopitali na swali la samaki, kwa sababu lilikuwa linaninyima usingizi. Alinieleza kwamba samaki anaishi ndani ya maji, anayapumua, hana pa kukimbilia, na dawa hii kwa samaki ni kali sana kama ilivyo kwa kupe na mbu. Mtu ni kiumbe kingine. Ikishakauka kwenye kitambaa inashika kitambaa, na kiasi kinachofika kwenye ngozi ni kidogo. Ikiwa mbichi ndiyo ya kuogopwa, ndiyo maana ya glavu, ndiyo maana ya kuchanganyia nje kwenye upepo. Basi Feza hakusema uongo kuhusu samaki. Alichokosea ni kumhesabu ndugu yake pamoja nao. Na mimi nilikosea pamoja naye, tukiwa tumeinama juu ya jiwe moja.

Kwa hiyo zikichafuka, zikung'ute, zipige brashi, zianike kivulini, maana jua nalo linaipunguza dawa. Zikichafuka mpaka haiwezekani, zifue kwa beseni, maji baridi, taratibu, na maji yake uyamwage kwenye udongo mkavu mbali na kijito na kisima. Usizipeleke mtoni hata siku moja, watu wa kule wanakula samaki wao. Kila unapofua dawa inapungua, na mwisho utalazimika kuchovya tena. Chupa nimekuwekea, na maelezo yake yamebandikwa ubavuni. Niliiagiza Bukavu, ikaja juu ya gari pamoja na balo zangu za mitumba ninazouza, na kabla sijaifungua nilimpelekea mtu wa famasi aisome kwa sauti. Imeandikwa kwamba ni ya nguo. Ukiona watu wa machimbo wanalowesha mashati kwenye dawa ya shamba, wale usiwaige hata wakikucheka. Ile inaunguza mtu.

Suruali nilikuchagulia mimi kwenye balo, nikazitupa nyingi kabla ya kupata hizi. Umenilaumu kwamba rangi ni ya mchanga, inaonyesha kila uchafu. Ndiyo niliyotaka. Kupe wa majani akipanda kwenye kitambaa cheusi humwoni, kwenye hiki utamwona anatembea. Ingiza suruali ndani ya soksi. Najua inavyoonekana, nimekuona uani ukijitazama, ulifanana na bata. Bata hana kimputu. Ukikaribia nyumba ya mwenyeji funga kikwembe juu, uingie kwa heshima, uwasalimie wazee kama nilivyokufundisha. Ukiingia majanini, kikunje kikwembe kiweke mfukoni. Mungu ameyaumba majani Yeye mwenyewe na anajua kilichomo.

Wala usikatae kulala kwa watu. Baba yako hakukosea kulala kwao, wale watu walimlilia kuliko baadhi ya ndugu zake, wengine walikuja kwa miguu mpaka matangani. Omba kitanda cha miti kilichoinuliwa kama kipo, tandika shuka yako, shusha chandarua, sema asante. Na homa ikija, nenda upimwe damu. Ikiondoka yenyewe kabla hujafika, nenda vilevile. Usinipigie simu kuniambia umepona kabla mtu wa labo hajaniambia yeye. Homa inayoondoka yenyewe mimi sipiki tena kuku kwa ajili yake.

Kuna jambo hujui, kwa sababu ulikuwa umekwenda kuaga kwa rafiki zako. Shangazi yako alirudi jioni. Alisema amefuata pasi yake. Nikampa, makaa yamekwisha, akaiangalia, akaniangalia. Alikaa kwenye kibao pale mlangoni, akapangusa majivu ya pasi kwa pindo la kikwembe chake. Halafu akauliza, "Iko nguo yenye haina dawa?"

Nikamwambia lipo gauni la kusalia, na ushungi, na zile za ndani, hizo sikuzigusa. Akasema, "Basi lete. Nipige hizo."

Aliwasha makaa mapya. Alitia wanga, alipiga pasi lile gauni upande wa ndani na wa nje, akakunja, akaweka udi. Machozi yalidondoka kwenye kitambaa, akayapigia pasi humohumo. Hakusema amekubali, na mimi sikumwuliza. Alipofika kwenye kamba, mbele ya suruali zako, alisimama. Nilidhani tunaanza upya, nikainuka. Alishika pindo la mguu mmoja kwa vidole viwili, akanusa, akasema, "Inanuka kweli," akaenda zake. Yule ni dada ya baba yako, naye alimpenda. Ukiwa kule, mpigie simu kabla ya kunipigia mimi.

Gauni lile liko juu kabisa kwenye mfuko, limefungwa peke yake. Lina harufu ya kwenu. Ukisali, vaa lile, utuombee sisi wawili.

Nguo nyingine zina harufu yangu. Nimejifunza mengi kwa kuchelewa, Mwamini, na mengine nimeyasahau, ila hili nalishika: maneno machache ya watu waliokuwa wanavaa viatu mlangoni yalinifanya nimwage uhai wa mtu wangu mtoni, na waliosema walikuwa wameyasahau kabla ya kufika majumbani mwao. Hawakuja kunisaidia kukulea. Basi watu wakikukunjia pua njiani, kumbuka kwamba hakuna hata mmoja wao atakayekaa kando ya kitanda chako. Pita nao kwa salamu, shika kifaa chako, pima barabara. Ikikwisha, nitapanda pikipiki nije Kabambare juu yake niangalie kama imenyooka.

Na kama yupo atakayekuuliza, maana atakuwepo, mbele ya watu, akicheka, "Dada, hauna mama nyumbani wa kukufulia?", usiinamishe kichwa. Mwambie unaye. Mwambie anajua kufua kuliko mama yake yeye, Kasongo nzima inajua. Na hizi alikataa.

Mama yako.